Espreso Inayotoka Mbio au Inayogoma Kutoka: Mwongozo Kamili wa Kusaga, Kushindilia na Kurekebisha Kahawa kwa Mashine ya Nyumbani

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu mashine zao za espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa kwa maji ya moto yenye mgandamizo, hulalamikia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Kahawa inamwagika kama chai kwa sekunde kumi na kuacha kikombe chepesi chenye uchachu, au haitoki kabisa na mashine inanguruma bure. Na kila wanapojaribu kurekebisha hali hiyo kwa kushindilia kwa nguvu zaidi au kwa nguvu kidogo, matokeo ya leo hayafanani na ya jana.

Karibu wote wanatafuta dawa mahali ambapo ugonjwa haupo. Kushindilia kunapaswa kuwa tendo lisilobadilika hata kidogo, asubuhi hadi asubuhi, na kinachobadilishwa ni usagaji. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata kanuni hiyo, na ninakuomba usiruke hata moja mara ya kwanza, kwa sababu kila hatua huondoa shaka moja kabla ya kuingia inayofuata.

## Vifaa vinavyohitajika

- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.1. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima pekee haitoshi, kwa kuwa tofauti ya gramu 1 kwenye gramu 18 inaweza kusogeza muda wa kahawa kutoka kwa sekunde kadhaa.
- Kisagio cha meno, yaani kile kinachoponda punje kati ya vyuma viwili na kukuruhusu kubana au kulegeza nafasi iliyopo kati yake. Blenda yenye visu hutoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja, na hakuna ufundi wa mkono utakaoweza kusawazisha mchanganyiko huo.
- Kahawa ya punje yenye tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii kitu hapa.
- Kishindilio cha chuma kinachojaa kwenye chujio bila kuacha nafasi pembeni.
- Sindano 4 au 5 nyembamba zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa, ncha zikiangalia nje.
- Saa ya kuhesabu sekunde, ambayo ya simu inatosha, pamoja na daftari na kalamu.

Ikiwa fedha ni chache, nunua mizani na kisagio kwanza na uahirishe mengine. Nimeona mashine ya bei ndogo ikitoa espreso nzuri kwa sababu ilipewa kahawa iliyosagwa vyema, lakini sijaona mashine ya bei kubwa ikiokoa kahawa iliyosagwa vibaya.

## Hatua ya 1: Kagua chujio kabla ya kulaumu mkono wako

Toa chujio kutoka kwenye mkono wa mashine, yaani kile kishikio kinachofungwa chini ya kichwa chake, pale maji yanapotokea, kisha uligeuze ulitazame kwa chini. Ukiona matundu mengi madogo yaliyoenea kitako kizima, una chujio la ukuta mmoja, na mwongozo huu unakuhusu moja kwa moja.

Ukiona tundu moja tu dogo kama la pini, una chujio la kuta mbili. Hilo hutengeneza mgandamizo kwa kulazimisha kahawa ipite kwenye tundu hilo, hivyo hutoa povu jingi hata kahawa ikiwa imesagwa vibaya au imepitwa na wakati, na huficha makosa yako yote. Linafaa kwa mtu anayetumia kahawa iliyokwisha kusagwa dukani. Mtu anayetaka kujifunza kusaga na kushindilia hatajifunza chochote kwalo, kwa hiyo tafuta la ukuta mmoja lenye kipenyo kile kile.

Pima pia kipenyo hicho kwa rula. Mashine za nyumbani zilizoenea zaidi huwa na milimita 51, 54 au 58, na kishindilio cha plastiki kinachokuja na mashine mara nyingi huwa kidogo kuliko chujio lenyewe. Kishindilio kidogo huacha pete ya kahawa isiyogandamizwa pembeni, na maji hupita hapo kwanza.

Onyo: usitie kahawa ya kuyeyuka kwenye mashine hii. Huyeyuka na kuwa kama gundi ndani ya chujio na kichwa cha mashine, na kuisafisha ni kazi ya siku nzima.

## Hatua ya 2: Pasha mashine pamoja na mkono wake

Maji ya espreso yanapaswa kuifikia kahawa yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Taa ya mashine ikiwaka huwa imekuambia habari za tangi peke yake. Chuma cha kichwa na cha mkono bado ni baridi, nacho hunyonya joto la maji kabla hayajaigusa kahawa.

Mashine yenye kichwa kizito cha chuma ipewe dakika 15 hadi 30, mkono ukiwa umefungwa mahali pake. Mashine ndogo zinazopasha maji papo hapo huwa tayari kwa dakika chache, lakini zipitishie maji ya moto mara moja au mbili kwenye mkono usio na kahawa, kisha ufute chujio likauke kabisa.

Umeme unapokuwa hafifu, subiri zaidi. Nguvu ya kipasha joto hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: kipasha cha wati 1,300 kilichotengenezwa kwa volti 230 hutoa takriban wati 980 umeme ukishuka hadi volti 200. Jioni ambayo taa za nyumba zinafifia si jioni ya kubadilisha usagaji, kwa sababu utakuwa unarekebisha tatizo la umeme kwa kisagio.

Wakazi wa Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu huniuliza kwa nini maji yanatoka kichwani mwa mashine yakitema na kuvuma mkono unapokuwa umefunguliwa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maji yaliyopashwa hadi 95 huchemka mara tu yanapokutana na hewa. Mkono ukifungwa na pampu ikigandamiza, hayachemki. Hakuna cha kurekebisha hapo.

## Hatua ya 3: Pima kahawa, kisha usibadilishe kipimo

Chujio la milimita 58 kwa vikombe viwili huchukua gramu 18 kwa kawaida, nalo la milimita 51 huchukua kati ya gramu 14 na 16. Anza na kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine yako, ukiandike daftarini, na ukishike mpaka umalize mwongozo huu wote.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umejaza kupita kiasi. Baada ya kushindilia, weka sarafu safi juu ya kahawa, funga mkono kwenye mashine bila kuwasha pampu, kisha uufungue. Sarafu ikiwa imezama ndani ya kahawa, kahawa inagusa kichwa cha mashine na haina nafasi ya kuvimba ikilowa. Punguza nusu gramu, ujaribu tena. Hakikisha umeitoa sarafu kabla ya kuwasha pampu.

## Hatua ya 4: Saga, na uelewe unachokibadilisha

Usagaji ndio breki ya maji. Chembe ndogo hubanana, huacha mianya myembamba na kuyachelewesha maji. Chembe kubwa huyaachia yapite.

Anzia kwenye unga ambao ukiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada unauhisi kuwa laini kuliko chumvi ya mezani lakini wenye chembe, tofauti na unga wa ngano. Ukiufinya, unapaswa kushikamana kidogo na kuacha alama ya vidole, kisha kubomoka ukiguswa.

Unapobana kisagio cha umeme kuelekea usagaji mwembamba zaidi, bana kikiwa kinazunguka. Vyuma vilivyosimama huwa na punje zilizonasa katikati, na kuvilazimisha visogeleane kunaweza kuviharibu.

Baada ya kila badiliko, saga gramu 3 hadi 5 na uzitupe. Ndani ya kisagio hubaki unga wa kipimo cha zamani, na usipouondoa, kahawa yako itakuwa nusu ya jana na nusu ya leo. Najua inauma kutupa kahawa nzuri. Hata hivyo, wengi wanaosema kwamba kisagio chao hakieleweki hawajawahi kufanya jambo hili dogo.

## Hatua ya 5: Vunja madonge na utawanye

Kahawa iliyosagwa laini hutoka kisagioni ikiwa na madonge, na aghalabu hurundikana upande mmoja wa chujio. Ukishindilia juu ya rundo hilo, uso utaonekana sawa huku ndani pakiwa na sehemu nzito na sehemu nyepesi, na maji yatachagua sehemu nyepesi.

Chukua kizibo chenye sindano, uzamishe ncha hadi kitako cha chujio, na uzungushe taratibu kwa miduara midogo, ukipanda juu kidogo kidogo hadi ukamilishe kwa kusawazisha uso. Sekunde 15 zinatosha. Kisha gonga kitako cha mkono mezani mara moja, wima na kwa upole, ili kahawa itulie.

Dalili ya mafanikio: uso ni tambarare, hauna shimo wala kilima, na kahawa imegusa ukuta wa chujio pande zote.

## Hatua ya 6: Shindilia

Wengi huamini kwamba siri iko kwenye nguvu. Kipimo kinachorudiwa mara nyingi ni kilo 15, nacho si kibaya kama mwanzo, lakini tazama hesabu ifuatayo. Chujio la milimita 58 lina uso wa sentimita 26 za mraba na ushei, na maji ya mgandamizo wa bari 9 yanapofika juu yake huisukuma kahawa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 240. Mkono wako ukiongeza kilo 5 au ukipunguza kilo 5, pampu haina habari.

Kazi ya kushindilia ni kuondoa hewa iliyo kati ya chembe na kuifanya kahawa iwe bamba moja lenye unene sawa pande zote. Ukishagandamiza hadi ukahisi kahawa imekataa kushuka zaidi, umemaliza, na kuongeza nguvu baada ya hapo kunachosha kifundo cha mkono pasipo faida yoyote. Kinachoharibu kahawa ni mshazari.

Fanya hivi kila mara, bila kubadilisha utaratibu:

1. Weka mkono wa mashine juu ya meza imara, ukingoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa au mpira. Usishindilie ukiwa umeushika hewani.
2. Simama ubavu kwa meza, kiwiko kikiwa juu ya kishindilio moja kwa moja, na mkono wa mbele ukiwa wima kama mchi ndani ya kinu. Kiwiko kikitanuka nje, kishindilio hulala.
3. Shika mpini kwa kiganja, kidole gumba na cha shahada vikishuka hadi kwenye bapa la chuma, kila kimoja upande wake. Vidole hivyo viwili viguse pia ukingo wa chujio: vikihisi kina sawa pande zote mbili, kishindilio kimelala sawa.
4. Tua kwanza bila kubonyeza, usikie kama bapa limekaa. Kisha ubonyeze moja kwa moja chini, polepole, hadi kahawa ikatae. Mara moja inatosha.
5. Inua kishindilio wima. Ukipenda, kizungushe kidogo bila kubonyeza ili uso uwe laini, ingawa hatua hiyo ni ya kupendezesha macho tu.
6. Futa ukingo wa chujio kwa kidole. Chembe zilizobaki hapo huzuia mpira wa kichwa cha mashine kuziba vizuri na maji huvuja pembeni.

Onyo: usigonge ubavu wa mkono kwa mpini wa kishindilio ili kuangusha chembe zilizonata ukutani. Mgongano huo huachanisha bamba na ukuta wa chujio, na maji hupenya kwenye ufa huo. Tabia hii ni ya zamani na wengi wameirithi kwa kutazama wengine.

Ukitaka kujua kilo 15 zinahisije, weka mizani ya kupimia uzito wa mwili mezani, uibonyeze kwa kishindilio kilichofunikwa kitambaa hadi ifike 15, urudie mara kumi ukiwa umefumba macho. Mkono utakumbuka.

Kwa wiki mbili nilisumbuliwa na kahawa iliyokuwa ikikimbilia upande wa kushoto, na niliishuku mashine kiasi cha kutaka kuipeleka kwa fundi. Asubuhi moja nilipiga magoti mbele ya meza ili macho yangu yawe sawa na ukingo wa chujio, nikaona kwamba kahawa ya kushoto imeshuka chini ya ile ya kulia kwa unene wa ukucha. Meza yangu ilikuwa ndefu mno kwa kimo changu, bega lilipanda, kiwiko kilitoka nje, na kila siku nilikuwa nikibonyeza kwa mshazari ule ule bila kuuona. Nilihamia kwenye meza fupi iliyo karibu na dirisha, na siku hiyo hiyo kahawa ikatoka katikati. Kwa hiyo piga magoti na utazame. Hakuna kipimo kinachozidi macho yaliyo usawa wa ukingo.

## Hatua ya 7: Kamua kwa saa na mizani

Funga mkono na uwashe pampu mara moja, usiiache kahawa ikikaa chini ya kichwa cha moto. Weka kikombe juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, na uanze kuhesabu sekunde wakati ule ule unapowasha pampu, usisubiri tone la kwanza.

Lengo la kuanzia ni uzito wa kahawa ya majimaji mara mbili ya ule wa unga: gramu 18 za unga zitoe gramu 36 kikombeni, kwa sekunde 25 hadi 30. Zima pampu mizani ikisoma 34 hivi, kwa kuwa matone ya mwisho yatakamilisha.

Tazama kwa makini. Kati ya sekunde ya 5 na ya 10 matone ya kwanza hutokea, meusi na mazito. Baadaye huungana kuwa uzi mwembamba wa rangi ya kahawia iliyokolea, ulionyooka na kuyumba kidogo kama asali inayoteremka kutoka kijikoni. Rangi hufifia polepole kuelekea njano ya majani makavu. Uzi unaopauka katika sekunde za mwanzo, unaorukaruka au unaorusha vitone pembeni unaeleza kwamba maji yamejichimbia mfereji ndani ya kahawa.

Pima kwa gramu, wala usipime kwa ujazo. Krema, yaani povu la kahawia linalokaa juu ya espreso, ya kahawa iliyokaangwa karibuni hujaza kikombe upesi na kukudanganya.

## Hatua ya 8: Onja, na uyatenganishe maneno yako

Hapa ndipo lugha yetu yenyewe hutupotosha kidogo. Mtu husema kahawa yake ni "kali," na neno hilo moja linaweza kumaanisha kwamba ni chachu kama ndimu, au chungu kama dawa, au nzito tu kuliko alivyozoea. Dawa za hali hizo zinapingana. Anayeongeza usagaji mwembamba kwa kahawa iliyokwisha kuwa chungu ataifanya isinyweke.

Kwa bahati nzuri Kiswahili kina maneno matatu yanayotosha kabisa, mradi yatumiwe kila moja mahali pake.

Uchachu hukamata ulimi na kukunja uso, kama ukwaju mbichi. Ukiwa mkavu, mwepesi, wenye chumvichumvi na usioacha utamu nyuma yake, kahawa haijakamuliwa vya kutosha: asidi hutoka mapema, na maji yamepita kabla ya kuchukua sukari na vitu vizito vinavyozisawazisha.

Uchungu hukaa mdomoni na hudumu, kama mwarobaini. Ukitawala kikombe, kahawa imekamuliwa kupita kiasi, au imekaangwa mno, au mashine ni chafu.

Ukakasi si ladha hasa. Ni ule ukavu unaobana ulimi na ufizi, kama ulivyo ukila bibo au ndizi isiyoiva. Hujitokeza pale ambapo sehemu fulani ya kahawa imepitiwa na maji mengi mno, na kwa hiyo ndio ushahidi wangu mkubwa wa mifereji.

Koroga kikombe kabla ya kuonja, maana tabaka la chini ni zito na la juu ni jepesi. Subiri dakika moja, kwa kuwa ulimi ulioungua hautambui kitu.

Zingatia pia asili ya kahawa. Arabika ya Nyeri na Kirinyaga, hasa ya aina za SL28 na SL34 iliyokaangwa kwa wepesi, ina uchachu wake wa asili unaofuatwa na utamu; huo hautibiwi. Robusta ya Kagera na ya Uganda ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika, hutoa krema nyingi na huja na uchungu wake, na ukiufukuza uchungu wote utabaki na maji ya rangi. Aliyekulia kahawa chungu ya dele na kashata atavumilia uchungu mwingi bila kuuona kuwa kasoro, na huo ni uamuzi wake. Asichopaswa kukivumilia ni ukakasi.

## Hatua ya 9: Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja

Andika gramu za unga, gramu za kikombe, sekunde na ladha. Kisha ufuate mpangilio huu.

Gramu 36 chini ya sekunde 20, kikombe chachu na chepesi. Saga laini zaidi, alama moja au mbili za kisagio. Usiguse kipimo wala nguvu ya mkono.

Matone tu, au zaidi ya sekunde 40, kikombe chungu. Legeza usagaji. Mashine ikigoma kabisa, zima pampu na usiufungue mkono papo hapo, hasa kwenye mashine isiyo na vali ya kutolea mgandamizo, kwa sababu maji ya moto na unga vinaweza kulipuka usoni. Subiri dakika kadhaa, kisha ufungue polepole ukiwa na kitambaa mkononi.

Sekunde ni sahihi lakini bado ni chachu. Ruhusu gramu zaidi kikombeni, kama 42 hadi 45, au pandisha joto ikiwa mashine inaruhusu. Kahawa iliyokaangwa kwa wepesi huhitaji joto la juu zaidi.

Sekunde ni sahihi lakini ni chungu. Simamisha mapema, kwenye gramu 30 au 32, au shusha joto, hasa kwa kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi na yenye mafuta.

Mfano wa ukurasa wa daftari ni huu: jaribio la kwanza, 18 kwa 36, sekunde 14, chachu, nimebana alama mbili. La pili, sekunde 21, chachu kidogo, utamu umeanza. Nimebana alama moja. La tatu, sekunde 27, tamu, uchungu wa chokoleti mwishoni. Vikombe vitatu vimetosha kwa kuwa kilichobadilika kilikuwa kimoja.

## Muda ukiwa sahihi lakini kikombe kikawa kichachu na chenye ukakasi kwa pamoja

Hali hii ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi, kwa sababu tarakimu zote zinapendeza na kahawa haipendezi. Maji yamechimba mfereji: sehemu moja imekamuliwa hadi ukakasi, na nyingine imebaki karibu kavu ikitoa uchachu. Kubana usagaji huongeza tatizo, kwa kuwa mgandamizo unaopanda hutafuta upenyo kwa nguvu zaidi.

Rudi kwenye hatua ya 5 na ya 6. Ongeza sekunde za kutawanya kwa sindano, piga magoti ukague mshazari, kisha ulegeze usagaji alama moja. Mwenye mkono usio na kitako, unaoonyesha chujio kwa chini, ataiona mifereji kwa macho: vitone vinavyoruka, na madoa yaliyopauka wakati sehemu nyingine bado ni nyeusi.

Usitegemee sana donge linalotoka baada ya kukamua. Donge lenye tope juu mara nyingi humaanisha tu kwamba nafasi iliyobaki juu yake ni kubwa au mashine haina vali ya kutolea mgandamizo. Shimo la wazi katikati au pembeni ndilo la kuzingatia.

Na kama kahawa inakimbia hata kisagio kikiwa kimebanwa hadi mwisho, soma tarehe kwenye pakiti. Kahawa iliyopita mwezi mmoja na nusu tangu kukaangwa huwa imepoteza gesi iliyosaidia kuyazuia maji, na krema yake hupotea ungali unaitazama. Upande wa pili, iliyokaangwa jana ina gesi nyingi mno, hububujika na kubadilika kila siku. Ipe siku 7 itulie.

## Maji, usafi na unyevu

Visima vingi vya pwani, kuanzia Unguja hadi Mombasa, viko kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba chokaa, mengine na chumvi. Chokaa huganda tangini na kupunguza joto. Tumia maji ya chupa yenye madini ya wastani, wala si maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa hayo hutoa kahawa isiyo na uhai na baadhi ya mashine hushindwa kuyatambua tangini. Ondoa chokaa kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine.

Pangusa kichwa cha mashine na upitishe maji kila baada ya kukamua, na uloweke chujio kwenye maji ya moto yenye sabuni maalumu ya mafuta ya kahawa mara moja kwa wiki. Mafuta yaliyochacha hutoa uchungu ambao hakuna usagaji utakaouondoa. Mpira wa kichwani ukikakamaa na maji yakaanza kuvuja juu ya mkono ingawa ukingo ni safi, badilisha mpira.

Mwenye kuishi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar asilaze punje kwenye kisagio. Hewa ya bahari huingia ndani yake usiku kucha, na asubuhi usagaji ule ule hutoa sekunde tofauti. Pima gramu 18, saga, na ufunge pakiti. Akiba ihifadhiwe kwenye friza katika vifuko vidogo vilivyofungwa vizuri, na kila kifuko kiachwe kipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utaganda juu ya punje.

Itatokea asubuhi ambapo kahawa iliyokuwa ikitoka kwa sekunde 27 wiki nzima itatoka kwa 22, huku mkono wako ukiwa ule ule na mizani ile ile. Punje zimezeeka siku chache tangu ulipofungua pakiti. Bana kisagio alama moja, tupa gramu 3 za kwanza, na ukamue tena.